Namna ya Kujitambulisha Upya Kikazi Mradi Ukifungwa: Mwongozo Kamili kwa Walioko Kigoma

Mwongozo huu nilikuwa naukwepa. Nilidhani majibu ninayotuma WhatsApp, mtu mmoja mmoja, yangetosha. Hayakutosha. Watu wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na hapa Kigoma mjini wananitumia wasifu wao niupitie, na karibu wote wamekwama pale pale. Mstari wa kwanza unasema "Aliyekuwa Afisa…", kisha kurasa tatu zinaeleza shirika lilivyokuwa kubwa. Ukimaliza kusoma unalijua shirika. Mwenye wasifu bado hujui kesho asubuhi ukimkabidhi funguo atafanya nini.

Sitaeleza miradi inafungwa kwa nini. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilifungwa 2021, Marekani imesimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na aliyekumbwa hahitaji kuhadithiwa. Hapa tunashughulika na siku 90 zinazofuata ile barua ya kukuambia ajira yako imekoma. Nami nilikuwa afisa ghala kambini, barua niliipata, na hatua nyingi zilizo hapa nilizikosea kwanza ndipo nikazijua.

Kama unachotaka ni kiti kilekile katika shirika jingine, fuata hatua ya 1, ya 3 na ya 5, halafu endelea kuomba. Zilizobaki ni za anayetaka kuacha kuitwa kwa jina la kiti.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari kubwa la kaunta. Simu haifai kwa kazi hii, utaanza kuandika kisha ujikute unasoma magrupu.
- Mikataba yako yote, hati ya utumishi, vyeti, barua za pongezi, hata ile ya onyo kama ipo.
- Namba ya NIDA na namba ya uanachama wa NSSF.
- Hesabu ya kweli ya akiba uliyonayo, na ya unachotumia kwa mwezi.
- Majina ya watu watatu: aliyekusimamia, uliyemhudumia, na mmoja aliyewahi kukuona kazini bila kuwa wa shirika lako (dereva wa lori, mwenye duka, mwenyekiti wa kijiji).
- Vocha ya kupiga. Hatua ya 4 haifanyiki kwa ujumbe.

## Hatua ya 1: Chukua karatasi zako ofisi ikiwa bado ina watu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe hati ya utumishi ajira inapokoma. Si hisani, ni haki yako. Tatizo letu ni muda: yule wa rasilimali watu anayekusainia naye mkataba wake unakwisha mwezi huo huo, akirudi kwao Dar es Salaam au Moshi simu yake inabadilika. Nenda wiki hii.

Pamoja na hati hiyo, omba barua ya msimamizi inayotaja kazi ulizofanya. Barua yenye tarehe tu haitakufaa. Usimwachie aiandike, maana ataandika "alikuwa mchapakazi na mwaminifu" na itafanana na za wenzako wote. Andika rasimu mwenyewe, mistari kumi, mpelekee arekebishe na kusaini. Wengi wao watashukuru umewapunguzia kazi.

Kisha pita NSSF. Kuna fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Wengi hawajui, wengine wanajua ila wanaona aibu kupanga foleni. Pesa hiyo ndiyo itakayokununulia subira ya hatua ya 7.

Onyo. Usiondoke na taarifa za watu. Kijana mmoja aliwahi kunifungulia kwenye kompyuta yake faili lenye majina ya wakimbizi, namba zao za familia na magonjwa yao, akidhani ni ushahidi wa kazi nzuri. Nilimwomba alifute palepale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, hakuna mteja atakayekuachia siri zake baada ya kuona umebeba za wengine.

Utajua umefaulu ukiwa na bahasha moja yenye karatasi zote, na nakala zake zimepigwa picha na kutumwa kwenye barua pepe yako binafsi, si ya ofisi. Ya ofisi itazimwa.

## Hatua ya 2: Zungumza na wa nyumbani kabla hujazungumza na soko

Gawa akiba yako kwa matumizi ya mwezi. Ukipata tatu, una miezi mitatu. Usihesabu deni unalodai.

Sasa waambie nyumbani. Watu huruka hapa, halafu ndipo panapowavunja. Mtaani bado wanakuita Bosi. Fundi anakupandishia bei kwa cheo ambacho hunacho tena. Kamati ya harusi ilishakupangia laki kwa sababu waliona gari la shirika likikushusha Mwanga. Usiposema, utaendelea kulipia cheo kilichokwisha, kwa akiba iliyotakiwa kulisha watoto.

Maneno mafupi yanatosha: "Mkataba umeisha mwezi uliopita. Natengeneza kazi yangu mwenyewe. Mchango wangu safari hii ni elfu ishirini." Jamaa watanyamaza kidogo, kisha maisha yataendelea. Mkwe wangu alinyamaza wiki mbili, halafu akaniletea mteja.

Onyo. Usiuze kiwanja ili uonekane bado upo. Wala usikimbilie kununua bajaji kwa kuwa jirani ana bajaji. Labda ndiyo kazi yako, labda siyo. Utajua baada ya hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Andika siku ya kazi, saa kwa saa

Hatua hii ndiyo mama wa zote. Ipe siku nne au tano.

Usifungue mkataba na kunakili majukumu. Majukumu ya mkataba yaliandikwa na mtu aliyekuwa hajakuona bado. Fungua daftari, chagua siku tatu, uziandike tangu ulipofika kazini hadi ulipoondoka: siku ya kawaida, siku mbaya kuliko zote, na siku ambayo msimamizi hakuwepo. Hiyo ya tatu usiiache. Siku bosi yuko Kigoma mjini kwenye mkutano na mtandao hakuna, yale uliyoyaamua peke yako ndiyo kazi yako halisi.

Kurasa zangu za kwanza zilikuwa hivi:

*Saa 1:30. Nafungua ghala. Nakagua kufuli na lakiri kabla sijagusa mlango.*

*Saa 2. Lori la kwanza. Nalinganisha hati ya mzigo na mzigo wenyewe. Magunia mawili yamechanika. Naandika na dereva anasaini kabla hajazima injini, maana akishakunywa chai atasema yamechanikia kwangu.*

*Saa 4. Vibarua kumi na wawili. Wawili wamegombana tangu jana. Nawaweka milango tofauti.*

*Saa 9. Leja inasema moja, sakafu inasema jingine. Tofauti magunia matatu. Narudia kuhesabu. Rundo la kona limehesabiwa mara mbili.*

*Saa 11. Ripoti. Nafunga.*

Rudi juu na kalamu nyekundu, upige mstari chini ya kila kitenzi: nakagua, nalinganisha, nawaweka, narudia kuhesabu. Hapo utaona jambo ambalo neno "afisa ghala" lilikuwa limelificha. Mimi nilikuwa mtu wa kugundua palipo na tofauti kati ya karatasi na mzigo, na kuimaliza bila kelele. Kazi hiyo ipo kwa mfanyabiashara wa mahindi, kwa mwenye duka la vipuri, hata kwa mhasibu wa kanisa.

Fanya hivyo kwa kazi yoyote. Mhamasishaji wa afya ya jamii ataona kwamba nusu ya siku yake ilikuwa kubisha hodi kwa watu wasiotaka kufungua mlango, na kufunguliwa. Dereva ataona kwamba mbali na kuendesha, alikuwa anajua barabara gani ya Kibondo haipitiki mvua zikianza, na nani wa kumpigia gari likikwama. Mwalimu wa kujitolea ataona alikuwa anafundisha watoto themanini kwa vitabu sita, na hilo si jambo la kila mtu.

Onyo. Usiandike "uongozi", "uadilifu", "kufanya kazi chini ya shinikizo". Hayo yapo kwenye wasifu wa kila mtu hapa Tanzania. Andika kilichoonekana kwa macho: nani alifanya nini, kwa mkono gani, saa ngapi.

Utajua umefaulu ukiwa na vitenzi visivyopungua thelathini, na kati yake vitano ambavyo mtu asiyejua shirika lako angeweza kutoa pesa avipate.

## Hatua ya 4: Wapigie wale watu watatu

Daftari lako lina upande mmoja. Upande wa pili wanao waliokuona.

Usiwaulize "unanionaje?". Utaambiwa wewe ni mtu mzuri sana, Mungu atafungua njia, na simu itakatwa. Uliza haya matatu, kwa mpangilio huu:

1. Ni jambo gani ulikuwa unaniachia bila kunifuatilia?
2. Ni jambo gani ukiona nimelishika mimi, ulikuwa unaingiwa na wasiwasi?
3. Ukisikia mtu ana shida gani, ndipo jina langu litakujia?

Swali la pili linauma, ila bila hilo, la kwanza halina thamani. Mimi niliambiwa ripoti zangu zilichelewa sikuzote. Kweli. Ndiyo sababu leo siuzi ripoti.

Kuna mkalimani wa Kirundi na Kifaransa niliyemsindikiza katika hatua hii. Alikuwa na uhakika kwamba anachouza ni lugha. Muuguzi aliyefanya naye kazi akamjibu swali la kwanza hivi: "Mama akija na hasira, nilikuwa nakuachia wewe, kwa sababu ukiongea naye anakaa chini." Lugha wanazo wengi mjini hapa, bandari inahudumia Burundi na Kongo na kila kijiwe kina anayejua Kifaransa cha kuombea maji. Wa kumkalisha chini mtu mwenye hasira ni wachache. Leo anafanya kazi na wafanyabiashara wanaovuka ziwa, na anaitwa zaidi siku mzigo umepotea kuliko siku umefika salama.

Utajua umefaulu jibu la mtu mmoja likikushangaza, na la mwingine likafanana nalo.

## Hatua ya 5: Vua lugha ya mradi

Tuna lugha yetu, sisi tuliokaa kwenye mashirika. Wanufaika. Wadau. Kujengea uwezo. Afua. Tunaisema bila kujisikia, na mtu wa sokoni akiisikia anajua jambo moja tu: huyu hakuwa anaongea na mimi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikwenda Kibirizi, mwalo wa dagaa hapa mjini, kununua dagaa wa nyumbani. Mama ninayenunua kwake akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi uko wapi?" Nikamwambia nilikuwa afisa ugavi na usimamizi wa mali wa shirika fulani, sasa natafuta fursa. Akasema, "Ee, hongera," akaendelea kushona mdomo wa gunia.

Baadaye, akiongea na mwenzake na si mimi, akalalamika kwamba mvua zikianza magunia ya chini yanamharibikia. Nikamwomba niingie ghalani. Nikapiga magoti. Magunia yalikaa juu ya saruji tupu, yameegemea ukuta, na mapya yamepangwa mbele ya ya zamani kiasi kwamba ya zamani hayafikiki. Nikapitisha kiganja chini ya gunia la chini kabisa, kikatoka kimelowa, kimeganda unga wa dagaa.

Nikamwambia: "Mama, weka chaga za mbao chini, hewa ipite. Acha nafasi kati ya gunia na ukuta, mtu apite ubavu. Na panga ili lililotangulia kuingia litangulie kutoka."

Akaacha sindano. "Hiyo ndiyo kazi uliyokuwa unafanya kule?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa si ungesema!"

Kwa hiyo chukua vitenzi vyako vya hatua ya 3, uvivue magwanda. Mifano:

- "Kuratibu wadau wa ulinzi wa mazingira" iwe: *Nilikaa na mwenyekiti wa kijiji, askari na wakata kuni mpaka wakakubaliana siku za kwenda porini.*
- "Ufuatiliaji na tathmini" iwe: *Naenda shambani, nahesabu, nakuletea karatasi moja inayoonyesha ulichotumia na ulichopata.*
- "Kuwajengea uwezo akina mama wajasiriamali" iwe: *Nimewafundisha akina mama kutunza daftari la mauzo, na baada ya miezi mitatu walikuwa wanaliandika bila mimi.*

Wasomee watu wawili wasiofanya kazi ofisini. Wakikuuliza "maana yake nini?", rudi ukaandike upya. Wakikuuliza "bei gani?", songa mbele.

Onyo. Kuvua lugha ya mradi si kujidogosha. Niliwahi kuona wasifu uliosema "kazi yoyote nitafanya", na mwenye wasifu huo alikaa bila kazi muda mrefu kuliko wenzake. Hakuna anayetafuta mtu wa kazi yoyote, isipokuwa anayetaka kulipa chochote.

## Hatua ya 6: Andika sentensi moja

Sasa unayo mali ghafi. Tengeneza sentensi ya kujitambulisha yenye vipande vitatu: unamsaidia nani, ana shida gani, na wewe unafanya nini hasa. Cheo hakimo. Jina la shirika halimo.

Yangu ni hii: *Nawasaidia wafanyabiashara wa dagaa, mawese na nafaka ambao mzigo unawaharibikia au kuwapotea ghalani, napanga ghala na kuweka daftari ambalo hata kijana wa dukani atalifuata.*

Ya yule mkalimani: *Mzigo wako ukikwama kati ya Kigoma na Bujumbura au Kalemie kwa sababu ya kutoelewana, mimi naongea na pande zote kwa lugha zao mpaka mnaelewana.*

Ya dada mmoja aliyekuwa upande wa lishe: *Nawafundisha mama lishe na shule za bweni kupika chakula kinachoshibisha na kujenga mwili kwa bajeti waliyonayo.*

Andika kumi, uzipunguze zibaki mbili. Zijaribu kwa watu tofauti, kwa mdomo, mkiwa mmesimama. Ile inayomfanya mtu aseme "kuna mtu namjua mwenye shida hiyo" ndiyo yako. Ukiona inakubidi kuifafanua, ni ndefu au bado ina gwanda.

Chagua pia upana wa "nani". Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei. Aliyekuwa anawategemea watu wa dagaa peke yao alikaa nao wakitazama maji. Ndiyo maana sentensi yangu ina mawese na nafaka. Weka angalau aina mbili za wateja ambao shida zao hazianguki siku moja.

Onyo, na hili ni la kisheria. Kuna majina ya kazi ambayo si ya kujipachika. Kujiita mhasibu kuna bodi yake, NBAA. Mhandisi ana ERB. Wauguzi wana baraza lao. Sisi wa ununuzi na ugavi tuna PSPTB. Uwakala wa forodha unahitaji leseni ya TRA. Unaweza kumsaidia mtu kuweka daftari la mauzo bila kujiita mhasibu, na mkalimani anaweza kukaa kikaoni bila kujiita wakala. Sema unachofanya, na palipo na mpaka umwambie mteja: "Hapa utahitaji mwenye leseni, nitakupeleka kwake." Wateja wanaipenda sana kauli hiyo.

## Hatua ya 7: Fanya kazi tatu ndogo za kulipwa

Sentensi bila kazi ni maneno ya kijiweni. Lengo la hatua hii ni kazi tatu, fupi, kwa watu watatu tofauti, ndani ya wiki sita.

Wapate kwa wakati wao. Kwa watu wa dagaa, nenda wakati wa mbalamwezi. Uvuvi wa taa unataka giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na wenye mali wana muda wa kukusikiliza. Ukienda Kibirizi alfajiri ya giza, mzigo ukiwa unashuka, utasukumwa. Wa mahindi kule Kasulu usiwafuate siku ya kupakia. Wenye shule, nenda wiki ya pili ya likizo.

Panga bei yako ya chini. Chukua matumizi ya mwezi, uyagawe kwa siku 15. Si 30, kwa sababu nusu ya mwezi utakuwa unatafuta kazi, unasafiri au unasubiri kulipwa. Ukitumia laki sita kwa mwezi, siku yako moja haiwezi kushuka chini ya elfu arobaini. Hiyo ni sakafu yako, usiitaje kwa mteja. Taja bei ya kazi nzima: "Kupanga ghala hili na kukuachia daftari, siku mbili, bei ni hii."

Andikeni. Karatasi moja, nakala mbili: kazi yenyewe, siku inapoanza na kuisha, bei, na malipo ya kutangulia. Kazi yangu ya kwanza sikuiandika. Tulikubaliana kwa mdomo nipange ghala siku tatu. Siku ya tatu mwenye mali akaona kwa kuwa nipo, nimsaidie pia kupokea lori la usiku. Siku ya tano nikajikuta nalala pale na tochi, nimekuwa mlinzi. Nililipwa za siku tatu. Kosa lilikuwa langu, na karatasi ya shilingi mia ingelizuia.

Acha kitu nyuma. Mteja aione kazi yako hata ukiwa hupo: daftari lililopigwa mistari, chaga zilizochongwa, orodha iliyobandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Mgeni wake akiuliza "hii nani amekufanyia?", jina lako litatajwa bila wewe kulipia tangazo.

Onyo. Kazi ya bure fanya moja tu, kwa mtu unayemheshimu, na umwambie wazi ni ya kwanza na ya mwisho. Ya pili ya bure itakuwa sifa yako.

Utajua umefaulu si kwa kusifiwa. Ni pale mmoja kati ya watatu akikuita tena, au akikupeleka kwa shemeji yake.

## Hatua ya 8: Sasa ndiyo karatasi na simu

Wengi wanaanzia hapa, ndiyo maana nimeiweka mwisho. Nimepewa kadi za biashara zilizoandikwa "Mkurugenzi Mtendaji" na mtu ambaye hajapata mteja hata mmoja. Ametoka kwenye cheo alichopewa akaingia kwenye cheo alichojipa.

*Simu.* Badilisha ile picha ya WhatsApp uliyovaa kizibao cha shirika. Weka unayoonekana unafanya kazi. Sentensi yako ya hatua ya 6 iwe kwenye maelezo, na kwenye hali (status) weka picha za kabla na baada ya kazi, kwa ruhusa ya mwenye mali.

*Wasifu.* Ukurasa mmoja, mbili zikizidi sana. Juu kabisa jina na ile sentensi. Chini yake kazi tatu ulizofanya na kilichobadilika. Mashirika na vyeo vikae chini, na miaka yake. Usivifiche, ni sehemu ya ulikotoka, ila visimame nyuma yako.

*Serikali.* TIN inatolewa bure TRA, usimlipe dalali. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, leseni ni halmashauri. Ukitaka zabuni za umma, jisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Sheria ya ununuzi imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, wanawake na wenye ulemavu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nayo ni ya makundi hayo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Na kama ufundi wako uliupata kwa mikono bila darasa, VETA wana utaratibu wa kuutambua na kukupa cheti. Ulizia tawi la hapa Kigoma.

## Siku ya 90

Fungua daftari, usome hali yako hivi.

Kama una kazi tatu zilizolipwa na mteja mmoja amerudi, endelea hivyo hivyo, pandisha bei kidogo kwa mteja wa nne.

Kama una kazi ila hakuna anayerudi, shida haiko kwenye utambulisho, iko kwenye kazi. Rudi hatua ya 4, uwapigie wateja wako na kuwauliza lile swali la pili.

Kama huna kazi hata moja, sentensi haieleweki au unaisema kwa watu wasio na shida hiyo. Rudi hatua ya 5, safari hii ukasimame sokoni siku nzima bila kusema lolote, usikilize watu wanalalamikia nini.

Kama pesa imekwisha kabla ya siku 90, chukua kibarua chochote halali, bila aibu, ila daftari usilifunge. Mimi nilihesabu mifuko ya saruji miezi miwili kwa mtu, na ndiye akawa mteja wangu wa mawese.

Na siku simu itaita, namba usiyoijua, mtu aseme, "Shikamoo. Nimeambiwa wewe ndiye unayefanya magunia yasioze," usimweleze ulikuwa nani. Muulize ghala lake lina ukubwa gani, na magunia yamekaa juu ya nini.